Wadudu wamejaa, basi ziwa ni zima?

Juzi Mwaloni, Kirumba, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, mzee mmoja mvuvi alininyooshea kidole lile wingu la wadudu lililosimama juu ya ziwa kama moshi wa tanuri. "Mwanangu, mnatutisha na zebaki yenu. Maji yangekuwa na sumu, hawa wangetoka wapi?" Nikanyamaza, mzee ni mzee. Wiki hiyohiyo nikalisikia tena kwa mtu mwenye shahada. Huyo simnyamazii.

La wingi wa wadudu nalipita haraka. Lava wao, yaani wadudu wachanga wasioota mabawa bado, wengi wanaishi kwenye tope, na tope ndiko metali nzito kama zebaki zinakotua. Baadhi ni wekundu kwa himoglobini, ile protini ya kushika oksijeni, wanavumilia tope lisilo na hewa ambalo adui zao hawaliwezi. Wakijaa, huenda maana yake ni kwamba wanaowala wamekimbia.

Msomi wangu alikuwa na hoja ya pili, nayo ndiyo iliyonikosesha usingizi: "Ukimpa mdudu kadmiamu kidogo himosaiti zinaongezeka, kwa hiyo kinga inapanda." Kadmiamu ni metali nzito yenye sumu; himosaiti ni seli za kinga ndani ya himolimfu, damu ya mdudu.

Hapana! Himolimfu ya mdudu haipiti kwenye mishipa kama damu yetu, inazagaa tu mwilini. Himosaiti nyingine zinaelea, nyingine zimejibandika kwenye tishu. Msumbue mdudu, zilizojibandika zinabanduka, na hesabu yako inapanda bila hata seli moja mpya kuzaliwa. Ni sawa na kuhesabu watu stendi ya Nyegezi siku daladala zimegoma, ukatangaza kwamba Mwanza imeongezeka wakazi. Usiniambie seli ni ngapi. Niambie zinafanya nini: zinameza bakteria? Zinalizingira yai la nyigu kimelea, yule anayetaga ndani ya mdudu mwenzake, mpaka likawa jeusi? Kadmiamu huingia kwenye seli kwa kupitia milango ya kalsiamu, ikachochea oksijeni kali, na seli ikaishia kujiua. Mdudu hujitetea kwa kutengeneza metalothionini ya kuishika metali hiyo, lakini protini haitengenezwi bure. Chakula ni kilekile.

Shaba nayo ina vituko vyake. Fenoloksidezi, kimeng'enya kinacholeta ule weusi, hakifanyi kazi bila shaba. Ukiniuliza kama shaba ni sumu, nitakuuliza kiasi gani.

Sasa niseme yanayonitia aibu. Maabara, nikimpa lava kadmiamu peke yake, nina uhakika na ninachokiona. Lakini kereng'ende mchanga niliyemtoa kwenye tope la mto Mirongo ameoga majitaka, amekosa oksijeni, na huenda amepata na dawa za bustani. Seli zake zikiwa zimekufa, siwezi kuapa kwamba muuaji ni metali ya risasi. Na himolimfu haisubiri: nikichelewa dakika chache inageuka nyeusi ndani ya pipeti, hata nikiwa na barafu. Zile seli zilizokunywa tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa, nikaziandika "zimekufa", ngapi nimeziua mwenyewe kwa mkono mzito? Ndiyo maana narudia kila sampuli mara tatu, na bado mara nyingine nalitazama daftari langu kwa jicho la pembeni.

Jana nilirudi Mwaloni nikamweleza mzee haya yote. Alisikiliza, akachambua nyavu, kisha akauliza, "Na dagaa anayemla huyo mdudu?"

Dagaa wanawala kweli. Ila hilo himosaiti zangu hazilijibu, mzee. Hapo inabidi tupime nyama ya samaki mwenyewe.