Je, wajua kwa nini askofu wa kwanza wa Mexico City aliongoza miaka minne kabla ya kuwekwa wakfu?

Juan de Zumárraga, mtawa wa Kifransisko mzaliwa wa Durango, kaskazini mwa Hispania, aliingia Mexico City Desemba 1528 akiwa askofu mteule. Hakuwa amepakwa mafuta ya wakfu, wala hakuwa na hati yoyote kutoka Roma.

Wengi hudhani makoloni ya Hispania yalipata maaskofu kama majimbo mengi ya Kanisa ya leo: Papa anateua, askofu anafunga safari, serikali inapewa taarifa. Kule mambo yalianzia kwa mfalme. Charles V ndiye aliyekutana na Zumárraga katika konventi ya Abrojo, karibu na Valladolid, mwaka 1527, akapendezwa naye na kumchagua. Hata padre wa kawaida hakuvuka bahari bila kibali cha mfalme, na kanisa kuu halikujengwa bila ridhaa yake.

Ajabu ni kwamba mamlaka hayo aliyatoa Papa mwenyewe. Mwaka 1501 Alexander VI aliwaachia wafalme wa Hispania zaka za makoloni, kwa sharti la kuyagharimia makanisa. Mwaka 1508 Julius II akaongeza haki ya kupendekeza maaskofu. Mchukue tajiri mwenye timu ya mpira: jezi ananunua yeye, nauli na mishahara analipa yeye, basi na kocha atamtafuta yeye. Chama cha soka kinabaki na leseni. Kinaweza kuichelewesha, ila hakimletei kocha wake.

Leseni ya Zumárraga ilichelewa kweli. Mei 1527 askari wa Charles V huyohuyo, wakidai mishahara yao, waliipora Roma, na Papa Klementi VII akajifungia ngomeni Sant'Angelo. Haukuwa wakati mzuri wa kumpelekea majina. Jimbo la Mexico lilikuja kuundwa rasmi Septemba 1530.

Kwa hiyo Zumárraga aliongoza kwa hati ya kifalme, akiwa pia na cheo cha mlinzi wa wenyeji. Kutoa upadrisho au kubariki krisma, yaani mafuta matakatifu, hakuweza; kugombana aliweza. Alimshambulia kwa maneno Nuño de Guzmán, mkuu wa baraza lililotawala koloni. Kwa kuwa barua zilipekuliwa, inasimuliwa kwamba ile aliyomwandikia mfalme Agosti 1529 ilisafirishwa na baharia Mbaski (mtu wa kaskazini mwa Hispania kama yeye), imefichwa ndani ya nta.

Mahasimu wake nao waliandika zao. Akaitwa Hispania kujibu mashtaka, na hukohuko Valladolid, Aprili 1533, akawekwa wakfu.