Kabla hujafungulia hayo maji meupe mtaroni

Nimetumiwa tena ile picha. Chupa mbili juu ya meza ya maabara: moja ina maji meusi kutoka idara ya kutia rangi vitambaa, ya pili inang'aa hadi unaweza kusoma gazeti ukilishika nyuma yake. Chini kuna maandishi: "Mhandisi, Fenton imekubali! Tufungulie?"

Msifungulie. Na kwa kuwa swali hili hunijia kila mtu akinunua pipa lake la kwanza la peroksaidi, naandika jibu lote hapa ili siku nyingine nitume linki tu.

Fenton, njia ya kusafisha majitaka kwa chuma na peroksaidi, mnaijua. Unashusha pH kwa asidi hadi karibu 3, unatia feras salfeti (chumvi ya chuma), kisha haidrojeni peroksaidi polepole. Chuma kinaivunja peroksaidi, inazaliwa radikali ya haidroksili (kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenza), nayo inarukia karibu kila kitu chenye kaboni. Henry Fenton aliuandika mchanganyiko huu mwaka 1894 akichunguza asidi ya tartariki, wala hakuwa na habari na majitaka. Nguvu ya radikali hiyo ya kuoksidisha, yaani kunyang'anya elektroni, ni kama volti 2.8, wakati klorini ina 1.36. Hayo yamo kwenye kila kitabu, tusonge mbele.

Rangi nyingi za pamba ni za azo. Kinachoipa molekuli rangi ni naitrojeni mbili zilizoshikana katikati, pamoja na elektroni zinazotembea kutoka pete moja ya kaboni hadi nyingine kupitia hapo. Ukikata hapo, rangi imekwisha, na radikali hukata hapo mapema, mara nyingi ndani ya dakika chache. Lakini pete za benzini zilizokuwa kushoto na kulia hazijaenda popote. Zimo majini, hazionekani, na baadhi ya vipande vyake vina sumu kuliko rangi yenyewe. Ili uziondoe lazima uzivunje, upate asidi fupi fupi, ndipo ufike kwenye kabonidioksaidi na maji. Hata zile asidi fupi zina ukaidi wake: ya oksaliki hukishika chuma kikashindwa kufanya kazi, na ya asetiki huijibu radikali kwa uvivu. Ndiyo maana rangi inaweza kushuka kwa asilimia 95 huku COD (oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu wote wa majini kwa kemikali) ikishuka nusu tu.

Mtu akinijibu "lakini maji ni meupe kabisa", huwa namuuliza gongo nayo ina rangi gani.

Wengine wakiona peroksaidi ni ghali wanamwaga klorini. Inafuta rangi kweli, haraka na kwa bei poa, na inakuachia kloroformu na ndugu zake wenye sumu. Hilo silijadili.

Kinachoniudhi hasa ni dawa ya kila tatizo: "tuongeze peroksaidi." Kwa hesabu ya karatasi, gramu 1 ya COD inataka gramu 2.125 za peroksaidi halisi. Chukua kiwanda kinachotoa mita za ujazo 100 kwa siku, COD yake miligramu 1,200 kwa lita. Hizo ni kilo 120 za COD, sawa na kilo 255 za peroksaidi halisi, au kilo 510 za ile ya asilimia 50. Kila siku ya Mungu. Bosi akiiona hesabu hii anataka ikatwe nusu. Fundi wa zamu akiona COD haijashuka anataka iwe mara mbili. Wote wawili wananipigia simu mimi.

Ukizidisha, peroksaidi inaanza kuzila radikali ilizozizaa yenyewe, na kinachobaki ni radikali dhaifu isiyokusaidia kitu. Chumvi ya kutia rangi nayo inakula sehemu yake. Magadi ya kutia rangi nayo huzila, ila hayo angalau unayamaliza unapotia asidi, ndiyo lile povu linalopanda (tia asidi kwa pupa uone litakapofika), lakini chumvi inabaki palepale. Kwa hiyo kuna kipimo ambacho ukikipita unalipia mapovu ya oksijeni.

Halafu linakuja la COD, na hapa naomba utulie. Kipimo cha COD kinatumia daikromati, kemikali kali ya kuoksidisha. Daikromati haiulizi kama kilichomo ni uchafu au ni dawa yako, inaoksidisha vyote, na peroksaidi iliyobaki majini inahesabiwa kama uchafu. Kila miligramu 1 ya peroksaidi inaongeza karibu 0.47 ya COD. Zikibaki miligramu 500 kwa lita, umejiongezea kama 235 za COD ya uongo. Kiwango cha Tanzania cha kumwaga maji kwenye mazingira ni 60. Kwa hiyo maji yako yanaweza kuwa na 55 za kweli, maabara ikasoma 290, fundi akaongeza peroksaidi, kesho yake zikasomwa 340. Nimeyaona madaftari ya zamu yanayopanda ngazi namna hiyo wiki nzima bila mtu kujiuliza.

BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu wanaitumia kula uchafu kwa siku 5, inadanganya kwa upande wa pili. Peroksaidi iliyobaki inaua vijidudu ndani ya chupa ya kipimo na juu yake inatoa oksijeni, kwa hiyo baada ya zile siku 5 unapata namba nzuri ya kupeleka NEMC, baraza la mazingira la taifa. Ripoti yenye COD 290 na BOD 4 haina muujiza wowote. Inasema peroksaidi ilibaki, basi.

Dawa yake ni ndogo mno kiasi kwamba inatia hasira. Kuna vikaratasi vya kupimia peroksaidi: unachovya, unasubiri, kikigeuka bluu ujue bado ipo. Pandisha pH hadi 8 kwa chokaa, acha maji yakae, pima tena. Ukiwa na haraka tumia kimeng'enya cha katalesi. Baisalfaiti nayo inafanya kazi, ila ikizidi na yenyewe inasomeka kama COD. Mtu akiniletea COD ya maji ya Fenton bila kipimo cha peroksaidi iliyobaki, siisomi.

Yapo ambayo hata sisi hatujaelewana. Wanakemia Bray na Gorin walisema mwaka 1932 kwamba mtendaji ni chuma chenye chaji nne. Haber na Weiss wakasema mwaka 1934 kwamba ni radikali ya haidroksili. Kwenye pH 3 kambi ya radikali ina nguvu. Ukipanda kuelekea 7 ubishi unaanza upya, kwa hiyo anayekuuzia "Fenton isiyohitaji asidi" muulize maswali mengi. Na vitabu vinachora Fenton kabla ya bwawa la bakteria wanaokula uchafu, eti inawatafunia chakula. Mimi naegemea bakteria kwanza, Fenton mwishoni kwa yale yaliyowashinda. Lakini Jumatatu kiwanda kikitia rangi nyeusi na Alhamisi waridi, bakteria nao wana siku zao za kugoma, na hapo msimamo wangu unayumba.

Bado kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Sehemu ya COD unayoiona imeshuka haikuoksidishwa kabisa. Ukitia chokaa, chuma kinakuwa tope la rangi ya kutu, linazama, na linashuka na rangi pamoja na vipande vyake. Kabla hujaagiza pipa la pili, rudia jaribio lako bila peroksaidi: weka feriki kloridi yenye chuma kiasi kilekile, chokaa, subiri litulie, pima COD ya maji ya juu. Tofauti kati ya namba hiyo na ya Fenton ndiyo kazi pekee ambayo peroksaidi imekufanyia. COD nyingine iliyopungua iko chini ya tanki, na lile tope linataka lori, kibali na mahali pa kulitupa, gharama ambayo kwenye bajeti ninazoletewa huwa haipo.