Wapiganaji wa Kiyahudi wa msituni: tuwasikilize wao wenyewe

Sehemu kubwa ya picha za filamu tunazoziona za mageto, yaani mitaa ambamo Wayahudi walifungiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zilipigwa na Wanazi, wafuasi wa Hitler wa Ujerumani. Mei 1942, kwa mfano, wapiga filamu wa Kijerumani waliingia geto la Warsaw, Poland, na kupanga matukio ya kuwadhalilisha watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Ukizitazama bila maelezo utadhani hakuna aliyepambana. Lakini mpiganaji wa siri angetembeaje na kamera? Picha moja tu ikikamatwa, kundi zima lingeangamia.

Hapo ndipo filamu za makala zinapofanya kazi kubwa. Mwaka 1986 ilitoka "Partisans of Vilna", iliyoongozwa na Josh Waletzky, ambamo wapiganaji wa zamani wa geto la Vilnius (Vilna), Lithuania, wanasimulia waliyoyapitia. Mmoja wao ni mshairi Abba Kovner. Usiku wa kuamkia mwaka 1942 aliwasomea vijana wenzake tamko la kuwataka wasikubali kupelekwa kama kondoo machinjioni. Tayari Wayahudi maelfu kwa maelfu wa mji huo walikuwa wameuawa kwa risasi katika msitu wa Ponary. Tarehe 21 Januari 1942 likaundwa jeshi la siri la geto hilo, lililojulikana kwa kifupi kama FPO, likiwaunganisha wakomunisti na Wazayuni (Wayahudi waliotaka taifa lao wenyewe) waliokuwa hawapikiki chungu kimoja.

Kamanda wao alikuwa Yitzhak Wittenberg. Julai 1943 Wajerumani walimtaka akiwa hai, la sivyo geto lote lingeteketezwa. Wakazi, waliokwisha kupoteza ndugu na watoto, wakapiga kelele atolewe. Wapiganaji wake wangeweza kumlinda kwa bunduki, lakini wangewafyatulia Wayahudi wenzao. Wittenberg akajisalimisha, na akafia mikononi mwa maadui. Kwangu mimi, hiki ndicho kisa cha kwanza cha kufundisha, kabla ya kisa chochote cha reli iliyolipuliwa. Kinaonyesha jinsi Wanazi walivyoigeuza jamii nzima kuwa mateka.

Geto lilipofutwa Septemba 1943, baadhi ya wapiganaji walitoroka kupitia mitaro ya majitaka iliyo chini ya ardhi, wakaingia msitu wa Rudniki. Msituni nako hakukuwa na salama. Vikundi vingi vya Kisovieti viliwakataa wasio na silaha, na wengine waliwachukia Wayahudi waziwazi. Tuvia Bielski na ndugu zake walifuata njia nyingine: katika msitu wa Naliboki, Belarus, walipokea wazee, wanawake na watoto, na watu zaidi ya 1,200 wakapona.

Yupo pia Faye Schulman, mpigapicha. Agosti 1942 Wanazi waliwaua Wayahudi wa mji wake mdogo ulioitwa Lenin, ulioko leo Belarus, wakamwacha hai kwa sababu ya ujuzi wake. Akiwasafishia picha zao, aliwatambua jamaa zake ndani ya kaburi la halaiki, akajiwekea nakala. Baadaye alijiunga na wapiganaji, akawauguza majeruhi na kupiga picha za maisha ya msituni. Alifariki mwaka 2021.

Wayahudi waliopigana msituni wanakadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 30,000. Mwalimu anayeonyesha filamu hizi awaeleze wanafunzi kwamba mamilioni wengine hawakuwa na bunduki, msitu wa karibu, wala jirani wa kuwafungulia mlango. Wengi walibaki getoni kwa hiari ili wasiwaache wazazi wao.