Karavani Ikilala Masika, Kifuniko Kiwe cha Kupumua

Wiki iliyopita nililetewa karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa nyuma ya gari. Mwenyewe ni mfugaji nyuki. Kiangazi kizima hulala humo kwenye mapori ya Sikonge, na mvua za Novemba zikikaribia huirudisha hapa Tabora mjini ikae mpaka Aprili. Aliinunua ikiwa imetumika huko Uingereza, ikaja na kifuniko chake cha kitambaa cha kijivu. Alikishika kwa vidole viwili akasema, "Fundi, hiki ni chepesi mno kwa mvua zetu. Nishonee turubai la nailoni, lile zito la malori ya tumbaku, ulifunge mpaka chini."

Nilimkatalia, na sababu ninayo.

Miaka yangu ya mwanzo kwenye kazi hii, mwalimu mmoja mstaafu aliniachia pikapu yake niifunike kabla hajaenda kukaa kwa binti yake. Nilishona nailoni nzito, nikaikaza kwa kamba mpaka chini ya chasisi, nikamhakikishia kwamba hata tone halitapita. Na kweli halikupita. Aprili tulipofunua, harufu ndiyo iliyotutangulia. Usukani ulikuwa umeota kuvu nyeupe kama unga wa muhogo, viti vimelowa, na paani, kila nailoni ilipogusa bati, rangi ilikuwa imefanya malengelenge. Mzee alipitisha kiganja juu ya yale malengelenge, akasema taratibu, "Mwanangu, bora ungeliacha linyeshewe." Maneno hayo sijayasahau.

Maji yale hayakutoka mawinguni. Udongo uliolowa hutoa mvuke mchana kutwa, na hewa iliyofungiwa chini ya nailoni huushika. Usiku kukipoa, mvuke hugeuka matone upande wa ndani wa turubai, sawasawa na yale yanayojikusanya chini ya mfuniko wa sufuria ya wali. Matone yanadondokea gari. Jua likipiga asubuhi yanapanda tena, usiku yanashuka tena, na mchezo ni huo miezi mitano mfululizo.

Kile kifuniko chepesi kina tabaka kadhaa za kitambaa: matone ya mvua yanateleza juu, lakini mvuke unapata njia ya kutoka. Turubai la pamba nalo hupumua, na nyuzi zake zikilowa huvimba na kuziba vitundu. Ukinipa nafasi ya kuchagua, ninachukua hayo mawili kabla ya nailoni yoyote.

Wenzetu wa Uingereza hufunika karavani kipindi cha baridi, na hofu yao nyingine ni maji kuganda kwenye mabomba. Barafu hutanuka, bomba linapasuka, hivyo humwaga maji yote mapema. Hapa hayagandi, ila nami nayamwaga, maana yakilala kwenye tangi yananuka na mbu wanazalia. Tofauti kubwa iko kwenye jua. Jua letu hata katikati ya masika hula kitambaa, na uzi wa mshono ndio unaotangulia kukatika. Kwa hiyo mwenye uwezo ajenge kwanza banda la mabati lililo wazi pande zote, kifuniko kije chini yake. Na usiegeshe chini ya mwembe. Najua mji wetu ni wa miembe na kivuli chake kinatamanisha, lakini embe huiva mvua hizihizi, na utomvu na kinyesi cha popo vinaharibu rangi, sembuse embe lenyewe likidondokea dirisha la paani la plastiki.

Kabla ya kufunika, osha, kisha acha ikauke kabisa. Vumbi likibaki kati ya kitambaa na ukuta, upepo ukitikisa linageuka msasa. Kona zote kali nazivisha vitambaa laini. Mbele nainyanyua kidogo ili maji ya paani yasituame. Breki ya mkono nailegeza isije ikagandia kwenye ngoma, magurudumu nayazuia kwa matofali ya kuchoma, kwa kuwa kabari za mbao mchwa hawaziachi. Mtungi wa gesi unatoka. Magodoro yanasimamishwa mbali na ukuta, kabati na friji vinabaki wazi.

Yale matundu ya hewa ya sakafuni na paani ndiyo ninayoyagombania na wateja. Wanayaziba kwa matambara wakihofia panya. Hapana! Weka wavu wa chuma wenye macho madogo, hewa ipite. Kwa mfugaji nyuki nimekaza wavu huo maradufu, maana karavani iliyokaa na masega inabaki na harufu, na kundi la nyuki linalotafuta makazi halitahitaji kukaribishwa.

Mishono ya kifuniko chake nimeirudia yote. Naikunja mara mbili, mkunjo ukielekea chini kama mabati yanavyolaliana, ili maji yateleze yasiingie. Sindano ni namba 18, uzi naupitisha kwanza kwenye bonge la nta. Nta aliniletea mwenyewe, ya njano, bado inanukia moshi. Baadaye nimesugua bonge hilohilo juu ya mishono na kupitisha pasi ya mkaa yenye joto la wastani, na nta ikayeyuka ikaingia kwenye kila tundu la sindano. Kitambaa kingine sikukigusa, kwa sababu nta ikienea kote, ule upumuaji tunaoutafuta unakufa.

Tumekubaliana kwamba kila mvua ikikata siku mbili tatu, anakuja kufungua ubavu mmoja na mlango, anapitisha mkono nyuma ya magodoro na kwenye kona za ndani za kabati. Mkono ukikuta unyevu, ananiita, tunafunua yote siku hiyohiyo.