Utunzaji shirikishi wa kijisitu: maana yake

Mtu huhifadhi kitu kisipotee, na hukilinda kisiharibiwe. Lakini kutunza hufaa zaidi kwa kile chenye uhai: mtoto, mgonjwa, mti. Ndiyo maana nadhani neno "utunzaji" limekaa mahali pake katika istilahi hii.

Utunzaji shirikishi wa kijisitu ni utaratibu ambao majirani wa bustani yenye miti, kwa makubaliano na mamlaka inayoimiliki, wanabeba sehemu ya kazi na sehemu ya maamuzi. Hiyo sehemu ya maamuzi husahaulika sana. Majirani wakiitwa kuokota taka tu, huku mwingine akiamua peke yake mti gani ukatwe na njia ipite wapi, hapo wamesaidia, na ni jambo jema, ila hawajashirikishwa.

Wengi huchanganya dhana hii na siku ya kupanda miti. Kupanda huchukua asubuhi moja. Mche unaishi au unakufa katika kiangazi chake cha kwanza, wakati wapandaji wameshatawanyika, na anayeuokoa ni yule jirani anayepita na ndoo jioni. Hata huyo anahitaji kuelekezwa. Mara nyingi mtu kwa mapenzi yake hurundika matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, hadi kwenye shina, gome likashika unyevu na kuanza kuoza. Matandazo yatandazwe kuzunguka mti, shina liachwe wazi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Sydney, Australia. Katika miaka ya 1960 dada wawili, Joan na Eileen Bradley, walikuwa na mazoea ya kutembea katika msitu ulio karibu na kwao, Ashton Park, eneo la Mosman. Waliona kwamba magugu vamizi yakifyekwa kwa pupa, ardhi hubaki tupu na magugu yaleyale hurudi kwa nguvu zaidi. Wakaanza kuyang'oa kwa mkono, kidogo kidogo, kwa kanuni tatu. Anzia palipo na mimea ya asili yenye afya, ndipo uelekee palipoharibika. Usiuvuruge udongo, na ukishang'oa rudisha majani makavu yaliyoufunika. Kisha usisonge mbele kwa kasi kuliko mimea ya asili inavyorudi yenyewe. Hiyo ya mwisho ni ngumu, kwa sababu macho ya mtu mwenye bidii hukimbilia kichaka kikubwa cha lantana, gugu vamizi, kilicho mbele na kuyaruka magugu matatu madogo yaliyo miguuni pake. Msitu unaokolewa kwa kung'oa hayo matatu. Njia yao bado inafuatwa na vikundi vya kujitolea nchini humo.

Njia za miguu nazo zina hadithi yake. Mvua ikinyesha, dimbwi linatokea katikati ya njia. Wa kwanza analipita pembeni, wa pili anapita pembeni zaidi, na baada ya msimu mmoja njia ya mtu mmoja imekuwa pana kama barabara. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko katika nusu mita ya juu ya udongo, kwa hiyo kila mguu unaokanyaga pembeni unaushindilia udongo, na mizizi inakosa hewa na maji. Mti hauanguki siku hiyo. Hukonda taratibu kuanzia kileleni, hata mtu asikumbuke chanzo. Dawa yake ni rahisi: mfereji mdogo wa kutolea maji, vipande vya mbao vitandazwe juu ya tope, na tawi kubwa lilazwe kuziba kichochoro kipya.

Kwa nini vikundi vingine vya majirani hudumu na vingine husambaratika? Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza jinsi watu wanavyotumia misitu, malisho, maji ya umwagiliaji na maeneo ya uvuvi kwa pamoja. Aligundua kwamba mali ya wote inaweza kudumu pale watumiaji wanaposhiriki kutunga kanuni zao, wanapofuatilia wenyewe kama zinafuatwa, na adhabu inapoanza kwa onyo dogo kabla ya kupanda. Kwa kijisitu, hii ina maana ya kukubaliana mapema mambo ya kawaida kabisa: mbwa wafungwe kamba au wasifungwe, kuni ziokotwe au zisiokotwe, na nani ana ruhusa ya kushika msumeno.

Gogo lililoanguka huleta mabishano kila mara. Wageni wa kazi hii hutaka liondolewe, wakiliona ni uchafu. Kama halijaziba njia, liacheni. Inueni kipande cha gome lake lililolegea na mtaona nyuzi nyeupe za kuvu, mbawakawa na majongoo, kisha mkirudishe polepole kama kilivyokuwa.