"Mie sina sura ya picha"

Hakuna harusi niliyopiga picha hapa Unguja nisisikie neno hilo. Msimu uliopita alilisema shangazi wa bibi harusi, kajificha nyuma ya wenzake: "Niache mwanangu, mie sina sura ya picha." Nikamwomba anioneshe picha anazozichukia. Zote za simu, zote kajipiga mwenyewe, mkono umekunjwa.

Tatizo halikuwa sura. Lenzi hukuza kilicho karibu nayo, na kwenye uso kilicho karibu zaidi ni pua. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba pua ikipigwa kutoka sentimita 30 huonekana pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Basi mpe mwenzio simu, arudi nyuma hatua mbili tatu, kisha ndiyo avute picha karibu (zumu). Pua itarudi mahali pake bila programu yoyote ya kupamba.

"Jua likiwaka ndiyo picha inatoka." Hili ndilo linaloniudhi. Watu wanavaa wakapendeza Sikukuu, halafu wanasimama Forodhani saa saba mchana! Sisi tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta. Saa hizo jua liko utosini, macho yanageuka mashimo na kivuli cha pua kinaangukia mdomoni. Ingia vichochoroni Mji Mkongwe. Kuta ndefu zinazuia jua, na ukuta wa chokaa wa upande wa pili unakurudishia mwanga laini usoni. Pazuri kuliko pote ni mlangoni: simama hatua moja ndani ya kizingiti, uso uelekee nje. Ukiona macho yana nukta ya mwanga, piga.

Wengine husema mtu mweusi hatoki vizuri. Ngozi haina kosa. Kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye picha, kamera inapunguza mwanga na uso unazama gizani. Buibui hufanya kinyume, uso unapauka. Nilipoanza kazi nilimharibia bwana harusi mmoja hivyo hivyo: darizi za kanzu zinahesabika uzi kwa uzi, uso giza tupu. Mpaka leo tukikutana Darajani naona haya. Dawa yake ni kugusa uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, ili mwanga upimwe hapo.

Na hii ya "inua kidevu" waachieni askari wa gwaride. Ukikiinua, tunaona matundu ya pua. Kisogeze mbele, kisha kishushe kidogo, kama kobe wa kisiwa cha Changuu aliyeona majani. Unajihisi mjinga, lakini taya linachongoka. Bega moja liwe mbele, uzito uegemee mguu wa nyuma.

Kuhusu kamera ghali sina mengi. Katazame picha za zamani za Capital Art Studio, Kenyatta Road, iliyofunguliwa 1930, kisha uniambie walikuwa na simu gani.

Shangazi nilimsimamisha mlangoni, ukingo wa mtandio mkononi, nikamwambia aniambie nani kapika biriani. Alipoiona picha alinyamaza kidogo.

"Nitumie mie kwanza," akasema, "kabla hujampelekea bibi harusi."