Kiti cha Zanzibar hakitafutwi Arusha

Juzi baada ya alasiri nilikaa kwenye baraza moja Mji wa Kale, hapa Mombasa, kunywa kahawa. Mzee mmoja wa baraza hilo anajua kwamba nafundisha sheria za kimataifa, na hakuningoja nimalize hata kikombe cha kwanza. "Mwalimu, hebu nambia. Zanzibar ina rais wake, bendera yake na Baraza la Wawakilishi. Mbona kule Arusha kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki haina kiti? Somalia imeingia juzi tu, na kiti inacho." Muuza kahawa akalitua dele lake chini, akasubiri jibu.

Nilimjibu kwa mkato, maana magharibi ilikuwa imekaribia. Swali lenyewe linastahili zaidi ya hapo, hasa kwetu watu wa Mwambao. Hadi mwaka 1963 bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu ya Fort Jesus, na ukanda wetu wa maili kumi uliingia Kenya kwa makubaliano ya tarehe 8 Oktoba mwaka huo. Tarehe 16 Desemba, Kenya na Zanzibar zikapokewa Umoja wa Mataifa siku moja, kila nchi na kiti chake. Cha Zanzibar kilidumu miezi minne tu. Tarehe 26 Aprili 1964 iliungana na Tanganyika, na tangu hapo ulimwengu unaitambua dola moja.

Ndiyo maana Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, unaitaja Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na hauitaji Zanzibar kama mwanachama. Si kwamba Zanzibar imefungiwa mlango. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ina makao yake Zanzibar, na katika wabunge 9 wa Tanzania kwenye Bunge la Afrika Mashariki wamo Wazanzibari. Lakini kuingia kwenye ujumbe wa mwenzio ni jambo moja, kuwa na kiti ni jingine. Wakuu wa nchi za Jumuiya huamua kwa maafikiano: mwenye kiti akikataa, jambo limekwama hapo.

Uzito wa kiti unaonekana wazi zaidi Ulaya. Scotland, iliyo sehemu ya Uingereza, ina watu zaidi ya milioni 5. Malta ni dola ya visiwa yenye watu kama nusu milioni. Uingereza ilipokuwa bado katika Umoja wa Ulaya, Scotland ilikuwa na wabunge 6 katika Bunge la Ulaya, na Malta nayo 6. Juu ya hao, Malta ilikuwa na waziri wake kwenye kila kikao cha mawaziri, ilhali Scotland ilisemewa na London hata pale mazungumzo yalipohusu samaki, ingawa wengi wa wanaoteremshwa Uingereza huteremshwa katika bandari zake. Haishangazi kwamba wapigania uhuru wa Scotland walishika tangu mwaka 1988 wito wa uhuru ndani ya Ulaya. Kwenye kura ya maoni ya 2016, asilimia 62 ya wapiga kura wa Scotland walitaka kubaki. Mwaka 2020 walitoka pamoja na Uingereza nzima.

Zanzibar, kwa sensa ya 2022, ina watu 1,889,773 kati ya Watanzania 61,741,120. Tofauti hiyo ya idadi ni kubwa, ila mimi naona fundo liko kwingine, katika orodha ya mambo ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa na serikali ya Muungano kwa nchi nzima. Mambo ya nje yamo kwenye orodha hiyo. Kilimo na utalii havimo. Hayo ni mambo ya Zanzibar yenyewe, na ina wizara zake. Mkataba wa Jumuiya, kwa upande wake, una sura nzima kuhusu kilimo na nyingine kuhusu utalii. Chukua karafuu ya Pemba. Bei ya mkulima inapangwa Zanzibar, kanuni za ununuzi zinatungwa Zanzibar, na wazee wa Shimoni na Vanga wanajua vizuri jinsi karafuu ya magendo ilivyokuwa ikivuka usiku kuja upande wetu. Ila Jumuiya ikitaka kuafikiana juu ya zao hilo, anayetia saini ni serikali ya Muungano. Mwenye mamlaka juu ya shamba si mwenye kalamu.

Zanzibar imejaribu kutafuta kiti chake yenyewe, na kila mara imekwama. Ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, na mwaka 1993 ikalazimika kujitoa. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake walioshtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar, iliamua kwamba Zanzibar si dola, hivyo kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi yake. Machi 2017 Shirikisho la Soka Afrika liliipokea kuwa mwanachama kamili, na Julai likaifuta. Desemba mwaka huohuo vijana wake wakacheza fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, dhidi ya Kenya kule Machakos, 2-2, wakashindwa kwa penalti. Mimi ni Mkenya na nilifurahia kombe, lakini moyo uliniuma kwa ajili ya wale vijana.

Ipo njia ya kati. Mwaka 2005 Denmark ilitunga sheria zinazoviruhusu Visiwa vya Faroe na Greenland kufanya mikataba na nchi za nje kuhusu mambo ambayo vinayasimamia vyenyewe. Denmark haikuvunjika. Naamini Zanzibar inaweza kupata mfano wa hilo, lakini kibali chake hakitolewi Arusha. Kubadili orodha ya mambo ya Muungano kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake.

"Kumbe Wazanzibari kura wanayo," mzee akasema nilipofika hapo.

"Wanayo, mzee wangu. Na Bara pia wanayo yao."

Akanyosha kikombe kijazwe, adhana ikaanza.